Santuri ya Jason Becker, Perpetual Burn (1988): hivi nyie mnasikia mbio tu?

#1 Mwanatanga

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Jumamosi niliingia duka moja la santuri za mitumba hapa Oakland, California. Nilikuwa nawinda rumba, maana kuna siku niliokota Franco pale kwa dola tatu na tangu siku hiyo sina akili timamu. Rumba sikupata. Kwenye sanduku la chini kabisa, lile ambalo lazima upige magoti, nikakutana na Perpetual Burn ya Jason Becker, lebo ya Shrapnel, toleo la 1988. Dola 25. Kibandiko kinasema hali nzuri sana. Nimefika nyumbani nikaiinamisha chini ya taa: mikwaruzo myembamba kila upande, utadhani mwenyewe alikuwa anaifutia kwenye suruali ya jinzi. Basi, ndiyo mitumba.

Kwa wasiomjua: Becker alizaliwa mwaka 1969 Richmond, mji wenye kiwanda cha kusafisha mafuta, ndiko inakoishia treni yetu ya BART upande huu. Mimi nalala karibu na hapo, treni yangu ya asubuhi inatokea hukohuko. Akiwa na miaka 16 alikutanishwa na mpiga gita mwingine, Marty Friedman, wakaunda bendi ya Cacophony na mwaka 1987 wakatoa Speed Metal Symphony. Mwaka uliofuata kila mmoja akatoa albamu yake binafsi kwa lebo ileile, Friedman akiwa na Dragon's Kiss na Becker na hii niliyoishika. Nyimbo nane, nne kila upande, hakuna anayeimba hata neno moja. Becker amepiga magita, amepiga besi, amepiga na kinanda. Drams ni Atma Anur. Friedman amekaribishwa kupiga baadhi ya solo upande wa pili. Na dogo alikuwa bado hajafikisha miaka 20.

Sasa hoja yangu. Kila mahali nikisoma kuhusu hii albamu wanaizungumzia kama mbio za magari: noti ngapi kwa sekunde, vidole vina spidi gani. Nimeisikiliza mara nne tangu Jumamosi na kilichonibaki kichwani siyo spidi, ni nyimbo. Ule wa kwanza, Altitudes, jana niliukuta mdomoni mwangu naupiga mluzi nikiosha vyombo. Mbio hazipigiki mluzi.

Halafu kuna Air, wa mwisho upande wa kwanza. Pale anaweka gita safi, bila ile sauti ya kukwaruza ya metali (roki nzito), na mistari inafukuzana: mmoja unapanda, mwingine unashuka, wanapishana mlangoni bila kugongana bega. Ni mtoto aliyemsikiliza Bach, yule mtunzi wa klasiki wa zamani, hadi akamwelewa.

Na hapohapo ndipo penye tatizo langu. Air kwangu inakwaruza. Nyimbo tatu za mwanzo zinatoka safi, Altitudes imenyooka kama maji, tukifika Air zile noti za juu zinatoka na ukungu, kama mtu anaongea huku amebana pini kwenye meno. Sahani imeliwa? Au ni gramafoni yangu? Naomba wajuzi.

#2 Bwana Kigoda

Nimevuta kigoda. Kahawa ipo.

#3 fundi_solo

Mkuu Mwanatanga, nimepiga solo kwenye bendi za dansi miaka 22, Dar na Morogoro, kwa hiyo usinione mshamba wa gita. Hao jamaa wa Shrapnel niliwahi kupewa kanda yao miaka ya tisini na baharia mmoja. Nilisikiliza dakika kumi nikamrudishia. Ni mazoezi ya vidole yale. Asubuhi kabla ya chai na mimi napanda na kushuka ngazi za noti, ila sijawahi kumtoza mtu kiingilio.

Solo lazima liseme kitu. Mbaraka Mwinshehe akipiga noti tatu unajua anamsema nani. Dr Nico wa Kongo akiachia gita likanyamaza kidogo, ule ukimya wenyewe unacheza. Hawa vijana hawana nafasi ya kupumua. Mtu anayeongea bila kuvuta pumzi ni wa kuogopwa, siyo wa kusikilizwa.

#4 kijana_wa_Eastlands

Mzee fundi_solo na heshima zote, hapo umechoma. Sisi huku Nairobi tuko na bendi za metali na tunajua hiyo albamu vizuri. Speed ni sehemu ya lugha yake tu. Hata taarabu ukiskia mara ya kwanza bila mtu wa kukueleza utasema ni watu wanalia kwa mpangilio.

Kuhusu Shrapnel: ilianzishwa 1980 na Mike Varney, hukohuko California. Huyo jamaa alikuwa na safu kwenye jarida la Guitar Player, vijana wasiojulikana wanamtumia kanda, yeye anachagua. Ndiye alimtoa Yngwie Malmsteen Uswidi akamleta Marekani. Yngwie alipotoa Rising Force 1984 kila kijana mwenye gita akajifungia chumbani. 1986 akaja Tony MacAlpine na Edge of Sanity, na huyo kinanda cha klasiki alikuwa amekisomea tangu utotoni. Kwa hiyo Becker hakudondoka kutoka mbinguni, alikuwa kwenye foleni. Tofauti ni kwamba wengi kwenye hiyo foleni walikuwa wanamwiga Yngwie, na yeye akatoka na lake.

#5 Kipanga78

Mwanatanga, hebu tuache ugomvi wa dini tuje kwenye gramafoni yako, maana hilo la Air nalijua kama sala.

Sahani haijaliwa, au tuseme siyo lazima iwe imeliwa. Fikiria hivi. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwendo haubadiliki mwanzo hadi mwisho. Lakini mzunguko wa nje ni mkubwa, wa ndani ni mdogo. Mwanzoni mwa upande sindano inapitiwa na kama sentimeta 50 za mfereji kila sekunde. Ukifika karibu na kibandiko cha katikati zimebaki kama 20. Yaani sekunde moja ya muziki ambayo mwanzoni ilipewa shamba, mwishoni inapewa kitalu cha mchicha. Mawimbi ya sauti kali yanabanana mno hapo, sindano inashindwa kuyafuata kona kwa kona, ndiyo huo ukungu unaousikia.

Na bahati mbaya ya albamu yako ni kwamba wimbo mwororo kuliko yote upande ule wameuweka palepale penye ubanano. Gita zito lenye makelele lingeficha kasoro. Gita safi haliwezi kuficha kitu.

Sasa nijibu: sindano yako ni ya ncha duara au ya ncha ya yai? Umeiwekea uzito gani? Na ulishapanga pembe ya kichwa kinachobeba sindano kwa karatasi yenye mistari, au uliifunga tu kwa macho?

#6 Mwanatanga

Kipanga78 shikamoo. Ncha duara, ndiyo iliyokuja nayo. Uzito nimeweka gramu 1.2. Nilisoma kwenye boksi 1.5 hadi 2.5, nikapunguza nisiumize sahani. Karatasi sikuwahi kuisikia.

#7 Kipanga78

Marahaba. Basi mgonjwa amejitaja mwenyewe.

Uzito mdogo hauilindi sahani, unaiua. Sindano isiposhikwa vizuri kwenye mfereji inarukaruka na kugonga kuta, na huo ugongaji ndio unaochimba. Rudisha kwenye gramu 2, ndani ya kiwango alichoandika mtengenezaji.

Halafu pembe. Mashine iliyochonga sahani ya kwanza kiwandani husafiri kwenye mstari ulionyooka kutoka nje kwenda katikati. Mkono wa gramafoni yako umefungwa upande mmoja, unazunguka kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo ni sehemu mbili tu za sahani ambapo sindano inakaa sawasawa na mfereji. Kwingine kote imeinama kidogo. Ile karatasi ni ya kukusaidia kuzipata hizo sehemu mbili. Ukikosea milimita chache, anayelipa ni wimbo wa mwisho wa kila upande.

Ukipata hela baadaye nunua ncha ya yai. Inaingia kwenye kona ndogo ambazo ncha duara inazipita juujuu.

Swali la ziada kwa faida ya wasomaji: umechomeka wapi waya? Maana kuna watu huchomeka gramafoni moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la redio halafu wanalalamika muziki umekonda. Sahani huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali ikiwa imepandishwa, la sivyo mawimbi ya besi yangekula nafasi yote. Kile kikuza sauti kidogo cha fono ndicho kinachorudisha vitu mahali pake. Bila hicho unasikiliza mifupa.

#8 Mwanatanga

Kipo, kimejengewa humohumo kwenye ampu. Ila hata hivyo besi ya hii albamu imefichwa mno. Najua Becker kaipiga mwenyewe, lakini inabidi uitafute kwa tochi. Hilo nalilaumu studio.

#9 Bibi Mauwa

Naomba kuingilia kidogo, samahanini. Hapa nyumbani Pangani kuna sahani za marehemu babu yangu, zile nzito nyeusi za kuvunjika kama sahani ya udongo. Nimesoma mahali watu wanasafisha kwa spiriti. Nifanye hivyo?

#10 Kipanga78

USITHUBUTU dada yangu. Zile za mizunguko 78 za zamani si plastiki kama ya Mwanatanga, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Ukipitisha kitambaa chenye spiriti unafuta wimbo wenyewe. Tumia maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, tone la sabuni ya vyombo, usiloweshe karatasi ya katikati, kausha kwa kitambaa laini. Watu wa kina Siti binti Saad walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, wewe usije ukawafuta Pangani kwa chupa ya spiriti.

Ukiziangalia, njoo na uzi wako tujue kuna nini.

#11 fundi_solo

Nimeona mmenizunguka kwa ufundi wa umeme ili mkwepe hoja yangu. Narudia: lile solo linasema nini?

#12 NesiWaUsiku

Shikamoo mzee fundi_solo. Mimi siyo mpiga gita, nahudumia wagonjwa majumbani huku Marekani, zamu ya usiku. Gita nalijua kwa sababu ya kazi. Naona hakuna aliyesema kilichompata huyo kijana, labda mnadhani kila mtu anajua.

Baada ya hiyo albamu alichukuliwa na David Lee Roth, yule mwimbaji wa zamani wa Van Halen, kushika nafasi aliyowahi kukaa Steve Vai. Alikuwa na miaka 20. Kwa mpiga gita wa aina yake hakukuwa na kiti cha juu kuliko hicho. Wakati wa kuitengeneza A Little Ain't Enough, iliyotoka 1991, akaanza kuchechemea mguu wa kushoto. Wakampima, ni ALS. Ni ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Akili inabaki, kusikia kunabaki, misuli inaondoka mmoja mmoja. Aliambiwa ana miaka mitatu hadi mitano. Ile albamu aliimaliza kwa kuweka nyuzi nyembamba zaidi, kwa sababu vidole vilikuwa havina tena nguvu ya kuzikandamiza za kawaida. Ziara hakwenda.

Akapoteza mikono, akapoteza na sauti. Baba yake alimbunia njia ya kuongea kwa macho: herufi zimegawanywa kwenye vikundi, jicho likienda upande fulani linachagua kikundi, likienda tena linachagua herufi. Nimehudumia mgonjwa mmoja tuliyekuwa tunaongea naye kwa ubao wa namna hiyo. Neno "maji" linaweza kuchukua nusu dakika kama wewe ndiye unayejifunza. Ukishazoea, macho yanakwenda haraka kuliko unavyoweza kuandika, na mgonjwa anakukasirikia kwa uzembe wako. Yule wangu alikuwa anatukana kwa macho, haki ya Mungu.

Becker ametunga muziki akiwa kwenye hali hiyo ya ugonjwa. Perspective ilitoka 1996, wengine wakampigia magita. Triumphant Hearts ilitoka 2018, miaka 30 baada ya hiyo sahani ya Mwanatanga, na waliokuja kumpigia humo wamo Satriani, Vai na yuleyule Friedman.

Sisemi solo lake ni zuri kwa sababu aliugua. Nasema tu mtu asiyekuwa na kitu ila spidi ya vidole, vidole vikiondoka angenyamaza.

#13 kijana_wa_Eastlands

Dada umenimaliza.

Lakini pia nakubaliana nawe usimpe maksi za huruma. Alipopiga hii albamu alikuwa mzima kabisa, mdogo, mwenye nywele ndefu, anaringa. Ukiisikiliza kwa machozi unaikosa ile jeuri. Kuna vituko humo ndani! Angalia hata majina, Eleven Blue Egyptians, Opus Pocus. Huyo ni kijana anayecheka.

#14 Mwanatanga

Nashukuru NesiWaUsiku. Mimi nilijua kisa, makusudi sikukianza nacho, kwa sababu hiyohiyo aliyosema kijana.

Mzee fundi_solo nikujibu kwa lugha ya kwenu. Umezoea solo, ridhim na besi, na kwenye bendi za Kikongo kuna yule wa katikati, mi-solo, anayejaza nafasi kati ya solo na akompa, yaani ridhim. Ukimsikiliza peke yake mi-solo anaonekana anarudiarudia kitu kimoja kisicho na maana. Ukimweka na wenzake ndipo kitambaa kinaonekana. Sasa chukua Air uisikilize hivyo. Usitafute nani anapiga solo. Kila mstari ni mi-solo wa mwenzake. Tofauti ni kwamba wote ni mtu mmoja, amejirekodi juu ya mwenyewe.

Na kuhusu kupumua: Altitudes katikati kuna kile kipande kila mtu anachokitaja, noti zinamwagika toka uzi mnene hadi mwembamba na kurudi. Wanaita kufagia. Badala ya kupiga kila uzi kivyake juu-chini, mkono wa kulia unasukuma kile kidude cha plastiki mara moja kuvuka nyuzi zote kama unavyofagia ua, na mkono wa kushoto unainua kila kidole mara noti yake ikishasikika, isije ikaungana na ya jirani ikawa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Ukisikiliza noti mojamoja utachoka. Sikiliza zile kodi zinavyobadilika chini yake, kila kodi inakaa kidogo, inahama. Mwendo wa wimbo wenyewe ni wa polepole. Kinachokimbia ni pambo.

Nakubali upande wa pili umejaa mno. Friedman anaingia na ngazi zake za noti za ajabuajabu, wawili wanashindana, na kuna mahali kwenye Dweller in the Cellar nilitamani mmoja akachote maji. Na zile drams zina mwangwi wa miaka ya themanini, kila kipigo kama mtu amefunga mlango wa kanisa.

#15 fundi_solo

Hapo kwenye mi-solo umenishika pabaya. Nitumie huo wimbo, nitausikiliza kesho nikiwa sina mtu.

#16 Mwanatanga

Wakuu, mrejesho.

Nimechapisha ile karatasi, nikajaribu pembe. Kichwa kilikuwa kimekaa mbele kwa kama milimita tatu na kimepinda kwa ndani. Nimelegeza vile viskrubu viwili kwa bisibisi ya miwani, mikono inatetemeka, kimoja kikadondoka kwenye zulia, nimekitafuta robo saa kwa tochi ya simu na sumaku ya friji. Nikafunga. Nikaweka gramu 2. Kwenye ncha ya sindano nikakuta kifundo cha vumbi kama nywele ya paka, nimekitoa kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele.

Nikaanza na Air moja kwa moja.

Ukungu haujaisha wote, pale mwishoni kabisa bado kuna kamkwaruzo, nadhani huo ni wa mwenye jinzi. Lakini mistari imeachana! Kwanza nilikuwa nasikia gita moja lenye mikono mingi. Sasa hivi lile la kushoto liko kushoto na la kulia liko kulia, na kuna mstari wa chini ambao mara zote nne sikuwahi kujua upo. Unashuka taratibu, noti baada ya noti, wakati wale wa juu wanacheza. Nilirudisha sindano mara tatu kuhakikisha siyo ndoto. Mke wangu ametoka chumbani kuuliza kama bado ni ile ile.

#17 Kipanga78

Usirudisherudishe sindano na mkono unaotetemeka, utachora ramani ya Tanga pale. Tumia ile wenzo ya kunyanyulia. Hongera lakini.

#18 NesiWaUsiku

Nimeisikiliza hiyo Air zamu ya jana, saa tisa usiku, sikio moja. Mgonjwa wangu akaashiria anataka kusikia. Nikamwekea. Aliposikia Altitudes akaonyesha niongeze sauti.

#19 fundi_solo

Nimeisikiliza.

Sitasema nilikosea miaka ya tisini, ile kanda ya baharia haikuwa ya huyu. Huyu ana sikio. Ile Altitudes, mwanzo kabla hajaanza kukimbia, anavuta uzi hadi noti inafika juu halafu anaikawiza pale, haiachii. Hilo ndilo nililokuwa naita kupumua. Nikamsikiliza mara ya pili nikiwa na gita langu mapajani, nikaukamata huo mwanzo wote. Kule kwenye kufagia nimefika nyuzi tatu, ya nne mkono unagoma, miaka 57 hii. Nimejaribu kuvuta ule uzi kama yeye, wa kwanza umekatika, umenichapa shavuni. Kesho naenda Kariakoo kutafuta seti, na nitauliza kama wana zile nyembamba.